AZ-ZAHRAWI: TABIBU ALIYESHONA KWA UZI UNAOLIWA NA MWILI



 Leo hebu nikupeleke kwa mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi. Silaha yake ilikuwa kisu kidogo, sindano na uzi. Jina lake huenda umelisikia kwenye mihadhara, likitajwa haraka haraka katika ile orodha yetu ya kujivunia: Ibn Sina, Al-Khwarizmi, Az-Zahrawi, kisha msemaji huyo kaendelea mbele. Lakini tukiulizwa ni kitu gani hasa alichofanya, wengi wetu tutabaki kutazamana.

Kabla hatujaanza, fikiria swali hili. Mtu akipasuliwa tumbo, ngozi ya juu hushonwa, na baada ya siku kadhaa nyuzi hutolewa. Hilo twalijua, na wengine wetu tuna makovu ya kuonyesha. Lakini utumbo wenyewe ukishonwa kule ndani, nani atakwenda kuzitoa zile nyuzi? Apasuliwe tena? Na akipasuliwa tena, je, ashonwe tena? Swali hili laonekana dogo, lakini miaka elfu moja iliyopita lilikuwa swali la kufa na kupona. Na huyu mtu wetu alilishughulikia kwa mikono yake.

KUZALIWA NA MJI WAKE

Jina lake kamili ni Abul-Qasim Khalaf ibn Abbas az-Zahrawi. Wazungu walishindwa kulitamka wakamwita Albucasis. Alizaliwa yapata mwaka 936 (324 Hijria) huko Andalus, nchi ambayo leo ni Hispania. Nisba yake ya Az-Zahrawi yatokana na Madinat az-Zahra, mji uliojengwa na Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu karibu na Qurtuba. Ujenzi wa mji huo ulianza mwaka huo huo wa 936, kwa hiyo waweza kusema mji na tabibu wake walikua pamoja.

Qurtuba ya wakati huo haikuwa mji mdogo. Ilikuwa na misikiti, hospitali, mabafu ya umma na soko kubwa la vitabu. Khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia 961 hadi 976, alikuwa mpenzi wa elimu na yasemekana maktaba yake ilikuwa na vitabu laki nne. Katika mazingira hayo ndimo alimokulia Az-Zahrawi. Aliishi hapo, akasoma hapo, akatibu na kufundisha hapo, mpaka alipofariki yapata mwaka 1013 (404 Hijria).

KITABU CHA UMRI MZIMA

Matunda ya maisha yake ni kitabu kimoja kikubwa kiitwacho At-Tasrif, ambacho alikimaliza takriban mwaka 1000. Usidhani ni kitabu cha kutia mfukoni. Kina sehemu thelathini! Ndani yake mna magonjwa, vyakula, dawa za kunywa, dawa za kupaka, mpaka namna ya kupima uzito wa dawa. Jina lake refu kwa Kiarabu laonyesha kwamba kimeandikiwa yule asiyeweza kukusanya elimu hiyo yote peke yake, yaani tabibu wa kawaida apate kila kitu mahali pamoja.

Sehemu ya mwisho, ya thelathini, ndiyo iliyompa umaarufu. Hiyo ni ya upasuaji, nayo ameigawa milango mitatu. Wa kwanza ni kutibu kwa kuchoma kwa chuma cha moto. Wa pili ni kupasua, kushona na kutibu majeraha. Wa tatu ni kuunga mifupa iliyovunjika au kuteguka. Na alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa: alichora picha za vyombo vyake, karibu mia mbili. Visu, mikasi, misumeno, ndoano, koleo za kung'olea meno, vyote amevichora na kueleza kila kimoja kinashikwa vipi na kinafanya kazi gani. Maanake alitaka mwanafunzi aliye mbali, ambaye hatamwona kamwe, aweze kumpelekea mhunzi ile picha na kutengenezewa chombo.

UZI WA UTUMBO

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika mlango wa pili, Az-Zahrawi anazungumzia majeraha ya tumbo. Wakati huo wa mapanga na mikuki, mtu kuletwa utumbo ukiwa nje halikuwa jambo geni. Yeye mwenyewe alimtibu mtu aliyechomwa kisu tumboni, utumbo umetoka, akaurudisha, akashona, na mtu yule akapona.

Tumbo lilipokuwa limekatwa lakini utumbo mzima, kazi ilikuwa kurudisha na kushona ukuta wa tumbo. Lakini utumbo wenyewe ukiwa umetoboka je? Hapo anataja njia mbili. Njia ya kwanza itakushangaza. Wanachukuliwa chungu wenye vichwa vikubwa. Kingo mbili za jeraha zinakutanishwa, chungu anawekwa hapo aume. Akishauma, mwili wake unakatwa, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania kama kibanio. Kama umewahi kuumwa na siafu shambani ukajaribu kumvuta, ukabaki na kichwa kidoleni, basi waelewa vizuri jambo hili lilifanyaje kazi.

Njia ya pili ndiyo inayotuhusu leo. Anaeleza kuhusu uzi mwembamba uliotolewa kwenye utumbo wa mnyama. Utumbo unaparwa vizuri mpaka ubaki ule utando mwembamba wenye nguvu. Kwa kuwa uzi huo ni mlaini na hauingii kwa urahisi kwenye tundu la sindano, anafundisha uungwe kwenye ncha ya uzi wa kitani uliosokotwa, kisha kitani ndicho kipite kwenye sindano na kuuvuta ule wa utumbo nyuma yake. Umeona ufundi huo? Hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kuhangaika na sindano, si ya mtu anayenakili kitabu cha mwenzake.

Hapa, ndugu yangu, tuwe wakweli. Utasikia ikisemwa kwamba Az-Zahrawi ndiye mtu wa kwanza duniani kutumia uzi wa utumbo kwa upasuaji. Si hivyo. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliutaja uzi wa aina hiyo kabla yake. Hata ile njia ya chungu, Az-Zahrawi mwenyewe hakudai kuwa ni yake, aliinasibisha kwa wajuzi waliotangulia. Heshima yake haipungui kwa hilo. Yeye aliyachukua yaliyokuwepo, akayajaribu, akayapanga na kuyaeleza kwa uwazi ambao wengine hawakuufikia. Tukimpa sifa isiyo yake tunamvunjia heshima, maanake yeye hakuiba sifa ya mtu.

KWA NINI MWILI UNAUKUBALI UZI HUU?

Az-Zahrawi alijua kwamba uzi wa utumbo unafaa. Kwa nini unafaa, hilo halikujulikana mpaka karne nyingi baadaye. Siri yake ni kitu kiitwacho kolajeni.

Kolajeni ni protini, tena ndiyo iliyo nyingi kuliko protini zote mwilini mwetu, karibu thuluthi moja. Imo kwenye ngozi, mifupa, mishipa ya damu na ile mishipa migumu inayofunga nyama kwenye mfupa. Fikiria kamba za katani zilizosokotwa: nyuzi ndogo tatu zimezungushana, kisha hizo nazo zimefungwa pamoja na nyinginezo. Ndiyo kolajeni. Na ule utando wa utumbo wa kondoo uliokuwa ukiparwa kule Qurtuba, karibu wote ni kolajeni.

Ukijikata, kazi huanza mara moja. Damu inapogusa kolajeni iliyo kwenye kingo za mshipa uliokatika, chembe za kugandisha damu hujikusanya hapo na kuziba. Kisha huja chembe za ulinzi kusafisha uchafu na vijidudu. Baada ya siku chache, chembe nyingine maalumu huanza kutengeneza kolajeni mpya na kujaza lile pengo. Kovu unaloliona ni kolajeni. Lakini kazi hii ni ya polepole. Wiki ya kwanza jeraha bado ni dhaifu sana, na hata baada ya miezi mitatu hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu za ngozi ya awali. Kwa hiyo uzi ni mgeni wa muda, kazi yake ni kushikilia mpaka mwenye nyumba amalize kujenga.

Uzi wa kitani au wa hariri hubaki mle ndani kama kitu kigeni. Ule wa utumbo mwili huutambua kuwa chakula. Vimeng'enya vya mwili huukatakata na kuula kidogo kidogo. Uzi huo, ambao madaktari wa leo wauita katiguti, hupoteza nguvu zake kwa siku 7 hadi 10, na ukitiwa dawa ya kromi hudumu wiki mbili hadi tatu. Baada ya kama miezi miwili au mitatu huwa umetoweka wote. Hakuna wa kwenda kuutoa, kwa sababu hakuna cha kutoa!

KIJAKAZI ALIYEPONA

Kati ya visa alivyovisimulia Az-Zahrawi kipo cha kijakazi mmoja aliyejijeruhi kooni kwa kisu. Alipoitwa alimkuta katika hali mbaya, hewa inatoka kwenye jeraha. Mtu mwingine angekata tamaa papo hapo. Yeye alitazama kwanza. Akaona damu si nyingi, kwa hiyo mishipa mikubwa ya shingo haikukatika, kilichokatika ni njia ya pumzi. Akashona, akaendelea kumuuguza, na yule binti akapona. Kilichobaki ni sauti ya kukwaruza tu.

Jambo la maana ni alichokifanya baada ya hapo. Hakuishia kufurahi. Alichukua funzo kwamba njia ya pumzi inaweza kukatwa na ikapona, kwa hiyo tabibu akilazimika kuifungua ili kumwokoa mtu anayekabwa, hapana sababu ya kuogopa mno. Mgonjwa mmoja amekuwa darasa la wagonjwa wengi.

Vilevile aliandika kuhusu kijiji kimoja ambako wanaume wakipata jeraha dogo tu hutoka damu mpaka kufa. Wengi wa wanahistoria wa tiba waona hayo kuwa ni miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya ugonjwa wa kurithi ambao leo waitwa hemofilia. Na kuhusu damu inayoruka kutoka kwenye mshipa alifundisha njia nne: kuchoma kwa chuma cha moto, kuukata mshipa kabisa kama umekatika nusu ili ncha zake zijikunje, kuufunga kwa uzi kwa nguvu, au kutia dawa za kuzuia damu na kubana kwa bandeji.

ALIOGOPA UJINGA KULIKO DAMU

Unapofungua sehemu ile ya upasuaji, jambo la kwanza unalokutana nalo si vyombo, ni onyo. Az-Zahrawi analalamika kwamba upasuaji katika nchi yake ulikuwa umekaribia kufa kabisa, kwa sababu watu hawataki kusoma. Anasisitiza kwamba asiyejua umbo la mwili, mifupa yake, mishipa yake na jinsi vyote vilivyoungana, asiguse kisu.

Kisha anatoa mifano aliyoiona. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe kwenye shingo ya mwanamke, akakata mishipa ya damu, mama wa watu akafia mikononi mwake. Mwingine alijaribu kumtoa mzee mmoja jiwe la kibofu, jiwe lilikuwa kubwa, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu. Mzee hakumaliza siku nyingi. Hakuyaandika haya ili acheke watu. Aliyaandika ili wanafunzi wake, ambao aliwaita wanawe, waogope kuingia wasipopajua. Aliwausia waachane na tiba yoyote ambayo hawana hakika nayo, hata kama ina pesa na sifa.

SAFARI YA KITABU

Mwisho wa maisha yake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1009 fitna ilizuka Andalus, Waislamu kwa Waislamu wakapigana. Madinat az-Zahra, ule mji wa fahari, ukaporwa na kubomolewa, na haukusimama tena. Magofu yake yako mpaka leo, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Habari nyingi za maisha ya Az-Zahrawi zilipotea katika machafuko hayo. Mwanazuoni Ibn Hazm, aliyekuwa kijana Qurtuba wakati huo, alimtaja miongoni mwa matabibu wakubwa wa Andalus, na Al-Humaydi akaandika habari zake fupi miongo kadhaa baada ya kufariki kwake.

Mji ulianguka, kitabu kikasafiri. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kile kitabu cha upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo. Guy de Chauliac, daktari mkubwa wa Ufaransa, alikitegemea mara nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1363. Mwaka 1465 Sherefeddin Sabuncuoglu aliandika kwa Kituruki kitabu cha upasuaji kilichojengwa juu ya kile cha Az-Zahrawi. Na mwaka 1497 tafsiri ya Kilatini ikapigwa chapa mjini Venice.

Uzi wa utumbo nao ulikuwa na tatizo ambalo Az-Zahrawi hakuweza kulijua: hubeba vijidudu vya mnyama. Mwingereza Joseph Lister ndiye aliyeushughulikia. Mwaka 1869 alieleza jinsi ya kuutia katika dawa ya kuua vijidudu kabla ya kufungia mishipa ya damu. Tangu hapo katiguti ikaenea hospitali za dunia nzima. Kuanzia miaka ya 1970 zilikuja nyuzi za kutengenezwa kiwandani ambazo nazo huyeyuka mwilini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi kadhaa za Ulaya ziliachana na katiguti kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Lakini ile fikra ya kushona kwa uzi ambao mwili utauondoa wenyewe, hiyo haikuachwa.

KOLAJENI YA LEO, NA WEWE

Siku hizi kolajeni haiji kwa sura ya uzi tu. Yapo mabandiko, sponji na unga wa kolajeni unaowekwa juu ya jeraha la upasuaji, la moto au kidonda cha mwenye kisukari. Hufyonza majimaji, husaidia kuzuia damu, na huwa kama jukwaa la mafundi ambalo chembe za mwili hulipanda zikijenga kolajeni yao. Ni msaidizi tu. Jeraha chafu lenye usaha haliponi kwa kubandikwa kolajeni, na kidonda cha kisukari hakitapona ikiwa sukari yenyewe haijadhibitiwa.

Kolajeni hiyo hutoka kwa ng'ombe, kwa samaki, na nyingine kwa nguruwe. Kwa hiyo una haki kumuuliza daktari imetoka kwa mnyama gani na kama ipo badala yake. Hukumu ya hali ya dharura tuwaachie masheikh, tusijifanye mamufti kwenye kitanda cha mgonjwa.

Na kwa kuwa tuko Ramadhan, kumbuka kwamba mwili hauwezi kutengeneza kolajeni bila protini na vitamini C. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi mingi bila matunda waliona makovu yao ya kale yakifunguka upya. Basi kwenye futari, kando ya viazi karai na kaimati, pawe na mapera, machungwa, maharagwe, samaki au mayai. Na kama umetoka kupasuliwa juzi, usijilazimishe kufunga kwa kuona haya watu. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Muulize daktari wako na sheikh wako, siku utazilipa.

Ndugu msomaji, twapenda kusema kwamba Waislamu ndio waliowafundisha Wazungu tiba. Sawa, tumesema. Lakini yeye Az-Zahrawi hakutuachia maneno ya kujisifu. Alituachia picha za vyombo, makosa ya matabibu aliyoyaona kwa macho yake, na jinsi ya kupitisha uzi mlaini kwenye tundu la sindano. Wewe uliye sekondari unayekimbia Bayolojia kwa kuwa ati ni ngumu, na mimi niliye chuoni ninayesoma usiku wa mtihani tu, tumtazame vizuri mzee huyu. Kati ya vijana watakaosoma ukurasa huu mwezi huu, akipatikana hata mmoja wa kwenda kuwa daktari, muuguzi au mkunga hodari katika mtaa wake, hiyo itakuwa sadaka bora zaidi kwa Az-Zahrawi kuliko kumtaja kwenye mihadhara mia.

Allah (S.W.T.) amrehemu, awaponye wagonjwa wetu walio majumbani na mahospitalini, na atukubalie saumu zetu. Amin.